Kupanga, Kutenda na Kujihoji: Mafunzo kutoka Mdomo wa Ruvuma hadi Masasi

(Mhadhara uliotolewa mjini Mtwara mbele ya viongozi wa walei, walimu na vijana wa makanisa mbalimbali)

Nawaona hapa pia majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko. Mjini kwetu hapa hatuulizani dini tunapokwenda harusini wala msibani, na nimefurahi kwamba leo hata kwenye mhadhara hatukuulizana.

Nimeombwa nizungumzie mipango, matendo na kujichunguza katika maisha ya Mkristo. Kusudi langu ni jambo moja. Nataka kuonyesha kwamba sisi hatukosi mipango, na kwa bidii hatujambo. Kinachotupungukia ni kusimama kazi ikiwa bado mikononi, tukaihoji, tukajihoji na sisi wenyewe, tena mbele ya watu ambao kazi hiyo inawagusa. Mifano sitaitafuta mbali. Pwani hii na bara lake hadi Newala na Masasi vimeona mipango mikubwa ya watu wa Mungu na ya serikali, mingine ikaota mizizi, mingine ikafa. Tofauti yake inaweza kutufundisha.

Hoja ya kwanza: Kupanga ni sehemu ya imani, lakini mpango si agano

Wapo wanaodhani kupanga ni dalili ya imani haba. Husema Bwana atatenda, na kikao cha bajeti kikaahirishwa. Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi akapiga hesabu ya gharama, asije akakwama kwenye msingi na wapita njia wakamcheka. Habari hiyo sisi tunaijua kwa macho. Kusini hii ina makanisa ambayo kuta zake zilifika kwenye linta zikabaki hapo, masika baada ya masika, na kamati ya ujenzi imekwisha kubadilishwa mara kadhaa.

Yakobo naye, sura ya 4, anawaonya wafanyabiashara waliokwisha kupanga mji wa kwenda, muda wa kukaa na faida ya kupata. Tusome vizuri. Hawakemei kwa kuwa wamepanga. Anawakemea kwa kuwa wamejimilikisha kesho.

Sasa tutazame mto wetu. Machi 1861 meli ya David Livingstone, iliyoitwa Pioneer, iliingia mdomo wa Ruvuma. Ndani yake alikuwamo Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu iliyotokana na hotuba aliyoitoa Livingstone mwenyewe Cambridge mwaka 1857. Walikuwa wakitafuta njia ya maji ya kwenda Ziwa Nyasa bila kupita Zambezi, kwenye mamlaka ya Wareno. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Lakini maji yalikuwa yanapungua, na meli ilihitaji kina kirefu kuliko kile mto ulichokuwa nacho, wakageuza. Mwaka 1862 Livingstone alirudi kwa mashua, akapanda mto hadi majabali yalipomzuia. Machi 1866 akaja mara ya tatu, safari hii akiwa na askari kutoka Bombay, ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Alitaka kujua pia kama ngamia na nyati wangehimili mbung'o. Mikoko na matope ya mdomo wa mto havikuwa mahali pa kuteremsha ngamia, akaenda kuwateremsha Mikindani. Wanyama wale walikufa katika safari ya bara, na askari wakarudishwa.

Simtaji ili tumdharau. Aliichukia biashara ya utumwa kwa moyo wake wote, na maneno yake yaliwaamsha wengi. Tena alijifunza kitu: aliacha meli akachukua mashua, akaacha mashua akaenda kwa miguu. Ila mtu wa Msimbati anayeutazama mto msimu hadi msimu anajua kwamba fungu la mchanga la mwaka jana si la mwaka huu, na kwamba maji ya masika si ya kiangazi. Elimu hiyo ilikuwapo pwani. Mpango wa kwanza ulitengenezwa bila hiyo.

Ndugu zangu, mara ngapi tumepanga semina ya vijana, au zahanati, au kwaya ya watoto, tukiwa tumeuliza kila mtu isipokuwa mwenyeji wa mto?

Hoja ya pili: Anayetenda kwa imani hukubali njia imsahihishe

Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa misheni hiyohiyo ya UMCA na mtu ambaye wasomi wa Kiswahili wana deni kwake, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Walishukia Lindi wakaelekea bara. Shabaha ilikuwa Nyasa, kama ya Livingstone, na wengi wa watu wale asili yao ilikuwa hukohuko bara la kusini. Walipofika chini ya vilima vya mawe vya Masasi waliona nchi nzuri, na safari ilikuwa imewachosha. Steere alikubali makazi yaanzie pale. Nyasa ilibaki kwenye mpango, na wengine walifika baadaye. Yeye alirudi Unguja, mahali ambapo kanisa kuu lilikuwa likijengwa palipokuwa soko la watumwa.

Mimi huona uamuzi ule kuwa mkubwa kuliko unavyosimuliwa. Askofu aliyetoka na lengo moja aliwatazama watu aliokuwa nao, akaona kwamba ile safari ilikuwa yao kabla ya kuwa yake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 Paulo alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa. Akataka kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Akajikuta Troa, na usiku akaona mtu wa Makedonia akimwita. Lau Paulo angeshikilia ratiba, Filipi ingesubiri.

Upande wa pili wa habari hii tunao hapahapa mjini. Bandari yetu ya maji marefu ilizaliwa na Mradi wa Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho Afrika ilikuwa haijakiona: zaidi ya ekari milioni 3 zilikusudiwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea. Matrekta yalianza kung'oa visiki kabla udongo haujapimwa vya kutosha. Kongwa udongo ulishupaa wakati wa kiangazi hata karanga hazikung'oleka, mvua hazikuja kama ilivyotarajiwa, na kila habari mbaya ilijibiwa kwa mashine zaidi. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa.

Haukuwa mradi wa kanisa, najua. Lakini moyo ule nimeukuta kanisani: kazi isipozaa, tunaongeza kazi. Mkesha usipoleta watu tunaongeza mikesha. Michango ikipungua tunaongeza matangazo ya michango. Hakuna anayethubutu kusema, jamani, tusimame kwanza.

Hoja ya tatu: Kujihoji hugusa mamlaka yetu, siyo makosa madogo tu

Tumezoea kujichunguza kwa mambo ya faragha. Nimesali? Nimesema uongo? Ni maswali mema, na ni lazima. Ila kuna swali jingine gumu: nimetumiaje nguvu niliyopewa juu ya wengine?

Masasi ilikua kama kijiji cha misheni, na wamisionari wakawa walimu, waganga, na kwa mambo mengi waamuzi na watawala. Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, nyumba zikachomwa. Misheni ilihamia upande wa Newala. Msiba ule uliwalazimisha wamisionari kutafakari upya. Hatua kwa hatua wakaacha kutegemea koloni la Wakristo waliokusanywa mahali pamoja chini ya Mzungu, wakaingia katika vijiji vya watu, chini ya machifu wao.

Tunda la badiliko hilo lina jina: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na misheni Zanzibar, akasoma pia Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akapelekwa Chitangali, kwa chifu Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Alikaa Chitangali mpaka 1897, na kanisa likakua mikononi mwake. Hakuwa na ngome wala bendera. Alikuwa na mke, watoto, lugha ya watu na miaka ya kukaa nao. Mtoto aliyetekwa akauzwa alirudi bara la kusini akiwa mchungaji, na hilo lisingetokea kama wakubwa wake wasingekubali kwamba mtindo wao wa kwanza ulikuwa na kasoro.

Nehemia anatusaidia hapa. Wengi tunampenda kwa sura ya 2, anapokagua kuta za Yerusalemu usiku kabla hajamwambia mtu yeyote mpango wake, na kwa ukuta kumalizika kwa siku 52. Sura ya 5 huipita haraka. Katikati ya ujenzi maskini walimlilia: tumeweka rehani mashamba yetu ili tupate nafaka, na watoto wetu wanakuwa watumwa wa ndugu zetu. Nehemia akaitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakubwa, na hakujitenga nao, maana yeye na watu wake nao walikuwa wakikopesha. Mashamba yakarudishwa. Kujenga ukuta ilikuwa kazi ya Mungu. Hata hivyo ilibidi waisimamie haki kwanza.

Nani hapa Mtwara haijui sura hiyo? Mkulima wa korosho hupata fedha mara moja kwa mwaka, mnada ukishafanyika na chama cha msingi kikishalipa. Katika miezi ya njaa, mtoto anapougua au ada inapodaiwa, huja mwenye fedha akanunua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Ndiyo kangomba. Sheria inaikataza, na wengi tunajua inaendelea. Nawauliza wazee wenzangu wa kanisa: anayenunua kangomba mwezi wa pili, akatoa fungu la kumi mwezi wa kumi na mbili, nasi tukamwandika kwenye ubao wa wafadhili, nani kati yetu amemwendea kumhoji? Na sisi, tuliopokea, tumejihoji? Hilo silisemi kwa wepesi. Mapaa ya baadhi ya makanisa yetu yameezekwa kwa fedha ambayo hatukuiuliza ilikotoka.

Hoja ya nne: Kujihoji kunahitaji watu wanaoguswa

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu jambo hili ni letu kabisa na vijana wengi hawalijui.

Wakristo wa mwanzo wa Masasi na Newala walikutana na swali la jando. Kwa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, kijana asiyeingia jandoni hakuhesabiwa mtu mzima. Wamisionari wengi, huku na kwingineko, waliona ndani ya jando mambo ambayo Mkristo hawezi kuyakubali, wakataka kupiga marufuku. Lakini kijana aliyekatazwa alichagua kati ya mawili: kwenda kwa siri akaja kuungama baadaye, au kuliacha kanisa. Mzazi naye alibaki katikati, akidaiwa na ukoo upande mmoja na paroko upande mwingine.

Padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926 na akaiongoza hadi 1944, ndiye ambaye jina lake linatajwa zaidi kwa jando la Kikristo. Badala ya kuuliza namna ya kulizuia, lililoulizwa ni jema gani lililokuwamo, na lipi lingepaswa kuachwa. Sala zikaingia, msalaba ukachukua nafasi ya lupanda, lile tawi la mti la jando, padre akawapo, walimu wa jando wakawa Wakristo wanaoaminika. Kijana akatoka mtu mzima mbele ya ukoo wake na mbele ya kanisa lake kwa siku moja.

Mwanahistoria Terence Ranger aliandika juu ya kisa hiki mwaka 1972, na watafiti waliomfuata wamelisisitiza jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa: mapadre wa Kiafrika walikuwa na sehemu kubwa katika kazi ile. Watu kama Kolumba Msigala, aliyeacha kumbukumbu zake kwa maandishi, walilijua jando kutoka ndani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Waingereza walipowekwa kizuizini na Wajerumani, mapadre hao ndio waliobaki na waumini. Askofu alikuwa na kibali cha kubadilisha. Wao walikuwa na elimu ya nini kibadilishwe. Kimoja bila kingine kisingezaa.

Sasa akina mama mnisikilize, maana hapa sijaridhika. Kwa upande wa mafunzo ya wasichana mambo hayakwenda vizuri kama kwa wavulana. Mimi naona sababu haiko mbali. Kwa wavulana, miongoni mwa waliobadilisha walikuwamo waliopita jandoni. Kwa wasichana, uamuzi wa mwisho ulikuwa wa maaskofu na mapadre, wanaume ambao hawakuwahi kukaa ndani ya unyago na wasingeruhusiwa hata kuukaribia, huku manyakanga na makungwi wenye elimu hiyo wakiwa hawana kiti katika vikao vya kanisa. Nia ileile, kanisa lilelile, kizazi kilekile. Watu wanaoguswa wakiwamo, kazi inasimama, na wasipokuwamo inayumba.

Na mpaka leo tunabeba deni hilo. Parokia zetu zina semina za wasichana, nyingine nzuri sana. Lakini hesabuni wenyewe wanawake wazee, wale ambao mtaa mzima huwaendea mambo yakiharibika, kama wameulizwa kitu chochote kabla ratiba haijachapwa.

Hoja ya tano: Kujihoji kuna saa yake na mahali pake

Kusipopangiwa muda, hakufanyiki. Mitume walitumwa wawili wawili wakiwa na maagizo. Waliporudi, Marko sura ya 6 inasema walimweleza Yesu yote waliyoyatenda na kuyafundisha, naye akawaita faraghani wapumzike. Kutumwa, kutenda, kurudi na kusimulia. Sisi tumebaki na viwili vya kwanza.

Wabenediktini walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kuteketeza misheni zao za Nyangao na Lukuledi na kumuua Askofu Cassian Spiss njiani kwenda Liwale. Kanuni yao hugawa siku kati ya sala, kazi na kusoma, na kabla ya kulala mtawa huipitia siku yake mbele za Mungu. Hakuna siku inayopewa ruhusa ya kupita bila kuulizwa. Majirani Waislamu wanajua nidhamu hiyo pia, ya mja kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa.

Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizichukua kuwa njia yao ya kichungaji miaka ya 1970, zimezoea mfumo wa kuona, kuamua na kutenda, uliotokana na kazi ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji miongoni mwa vijana wafanyakazi. Ni mfumo mzuri. Tatizo langu ni agenda namba tatu ya vikao vyetu, yatokanayo na kikao kilichopita. Katibu anasoma, mwenyekiti anauliza kama kuna la kuongeza, mtu anasema tuendelee, na dakika mbili hazijaisha. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kujihoji. Tuliahidi kumtembelea mgonjwa, je, tulikwenda? Kama hatukwenda, ni kwa sababu gani, na yeye amesemaje?

Napendekeza agenda hiyo ipewe nusu ya kikao. Kwa kweli, ningekuwa na mamlaka ningesema mwezi mmoja wa mwaka, baada ya malipo ya korosho, kusiwe na mpango mpya wowote. Iwe ni kupitia tu. Nyumbani vilevile. Mume na mke waketi na daftari la msimu, na watoto wakubwa wawepo: fedha ilikwenda wapi, nani tulimwahidi, nani alisahaulika. Mkumbuke msimu wa 2018, wanunuzi waliposita mnadani, serikali ikatangaza Novemba kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakachelewa kulipwa. Makanisa yaliyokuwa yamekwisha kukopa kwa kutegemea ahadi za waumini yalibanwa. Ni wangapi kati yetu tulikaa chini baada ya pale tukabadilisha namna ya kupanga bajeti, badala ya kungoja msimu mzuri utufanye tusahau?

Mwenyekiti, namalizia kwa pendekezo. Mwaka 2026 unatimiza miaka 150 tangu kundi lile la waliokombolewa lisimame Masasi. Sherehe zitakuwapo, na ziwepo. Naomba makanisa ya kusini, Waanglikana, Wakatoliki na wengine, kila moja liteue vijana wawili au watatu wenye mwandiko mzuri na masikio ya subira, waende kwa wazee wakiwa bado wapo: waliopita jando la Kikristo, wajukuu wa mapadre wale, na kwanza kabisa manyakanga na akina bibi ambao hawakuulizwa. Waandike kanisa lilifanya nini vizuri na liliwaumiza wapi. Maandishi hayo yasomwe kwa sauti katika vikao vya dayosisi kabla mpango wa miaka ijayo haujaandikwa, na waliosimulia wawe wamekaa mstari wa mbele, na wapewe kipaza sauti wakitaka kusahihisha. Vijana walio tayari waandike majina yao kwa katibu kabla ya kutoka. Nami natamani swali la kwanza jioni hii liulizwe na mama mmojawapo.